Watoto Wangapi Wanatosha Kuwa na Shule?

Kengele ililia mama yule akiwa katikati ya sentensi.

Bodi ya shule ilikuwa imempa kila msemaji dakika tatu, na karani alikuwa na simu mezani inayohesabu kurudi nyuma. Anayesema Kiingereza anazipata zote tatu. Anayesema kupitia mkalimani anapata moja na nusu, maana kila sentensi husemwa mara mbili. Mkalimani nilikuwa mimi, kwa njia ya simu, mbali kabisa na bwalo lile la wanafunzi lililogeuzwa ukumbi wa mkutano. Nilisikia viti vikikwaruza sakafu, mtu akikohoa karibu na kipaza sauti, friji ikinguruma.

Mkutano ulikuwa wa hadhara na yaliyosemwa yamo kwenye kumbukumbu za bodi, lakini wilaya yenyewe sitaitaja. Iko magharibi mwa Kansas, nchi ya mahindi, ng'ombe na barabara zisizo na kona. Ajenda ilikuwa moja: kufunga sekondari yao na kuwapeleka watoto mji wa jirani, mwendo wa karibu saa nzima kwa basi.

Kabla ya mama alisimama mzee mmoja mkulima. Babu yake alisoma pale, baba yake alisoma pale, yeye alisoma pale, na wanawe pia. Hakupaza sauti. Alisema mkifunga shule hii, jengo pekee litakalobaki na taa usiku ni ghala la nafaka, kisha akakaa. Nilimtafsiria mama maneno hayo sikioni, na moyo wangu ukawa upande wa mzee.

Zamu ya mama ikafika. Ni Mkongo, anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama.

"Kaka, uwaambie hivi. Binti yangu yuko darasa la kumi, anataka kusomea udaktari. Hapa fizikia anafundishwa na kompyuta. Huko wanakotaka kuwapeleka, mwalimu wa fizikia yupo? Kama yupo, mimi nasema wafunge. Wafunge hata kesho. Na..."

Kengele.

Simu ikakatwa, nikaunganishwa na hospitali moja ya jimbo jingine, mgonjwa wa kisukari. Lakini ile "wafunge hata kesho" imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, na kila nikiigeuza naona upande mwingine.

## Siku ya kuhesabu vichwa

Ukizoea nchi ambayo mwalimu analipwa na wizara popote alipo, mfumo wa Marekani unachanganya. Wilaya ya shule kule haina uhusiano na mkuu wa wilaya. Ni mamlaka ndogo inayojitegemea: ina mipaka yake, bodi yake ya kuchaguliwa, na uwezo wa kutoza kodi kwenye ardhi na majengo. Leo ziko takriban 13,000 nchi nzima. Mwaka 1940 zilikuwa zaidi ya 117,000. Kwa hiyo unaposikia kwamba wilaya fulani inaungana na nyingine, hilo ni tone la mwisho la mvua iliyoanza kunyesha kabla ya vita kuu ya pili.

Serikali ya Washington huchangia takriban sehemu moja ya kumi ya gharama. Zilizobaki ni kodi za hapo hapo na fedha za jimbo, na fedha za jimbo hufuata idadi ya watoto.

Kansas wanahesabu Septemba 20. Michigan wanahesabu Jumatano ya kwanza ya Oktoba. Siku hiyo mtoto kuwepo darasani ni jambo la bajeti. Shule zingine huandaa chakula kizuri, zawadi, hata sherehe, ili asibaki mtu nyumbani kwa kisingizio cha mafua.

Hesabu ya hapo ndiyo inayouma. Chukua wilaya ya watoto 300, kuanzia chekechea hadi darasa la kumi na mbili. Hizo ni ngazi kumi na tatu. Wakiondoka watoto kumi na tatu kwa mwaka, ni wastani wa mtoto mmoja kila ngazi. Fedha za watoto kumi na tatu zimekwenda, lakini huwezi kumpunguza mwalimu hata mmoja. Darasa lililokuwa na watoto ishirini na tatu sasa lina ishirini na wawili. Bado linahitaji mwalimu, taa na kipasha joto. Basi bado linazunguka njia ile ile, kwa sababu shamba la mwisho bado liko mwisho. Mapato yanashuka polepole kama mteremko, matumizi yanasubiri hadi siku yanapoanguka kwa kishindo, na siku hiyo ndiyo ile ya mkutano wenye dakika tatu tatu.

Ukitaka kuona watoto wanavyopungua bila kufungua takwimu yoyote, tazama mpira wao wa Ijumaa usiku. Soka ya Kimarekani huchezwa na watu kumi na moja kila upande. Shule ikipungukiwa, inahamia ligi ya wachezaji wanane. Ikipungukiwa zaidi, sita. Huo wa wachezaji sita ulibuniwa Nebraska mwaka 1934 na mwalimu aitwaye Stephen Epler, wakati wa ukame na mdororo wa uchumi, kwa sababu shule za vijijini hazikuwa na vijana wa kutosha kujaza timu. Zaidi ya miaka tisini baadaye bado unachezwa. Watu wa huko wakikuambia "mwaka huu tumeshuka wanane", wamekusomea sensa.

Kuna jambo lingine kuhusu kuhesabu ambalo nililijua juu juu hadi nilipoanza kulifuatilia. Aprili 11, 1965 Rais Lyndon Johnson alikwenda kutia saini sheria kubwa ya elimu kwenye shule ndogo ya kijijini aliyoanzia masomo, karibu na Stonewall, Texas. Pembeni yake aliketi mwalimu wake wa kwanza, Kate Deadrich Loney. Sheria ile ndiyo inayopeleka fedha za Washington kwa ajili ya watoto maskini. Ila katika kanuni zake za mgao, zilizoongezwa baadaye, kuna uzito maalumu kwa wilaya zenye maskini wengi kwa idadi. Wilaya ya watoto 200 ambayo nusu yao ni maskini haiwezi kushindana kwa idadi na jiji, hata kama asilimia ya jiji ni ndogo. Ilitiwa saini kwenye shule ya kijijini, na kijiji kikawa ndicho kinachopunjwa na hesabu.

## Ukurasa wa takwimu

Kila wilaya ina ukurasa wake: idadi ya watu, umri wa kati, kipato cha kaya, asilimia ya maskini, rangi, lugha inayosemwa nyumbani. Niliufungua wa wilaya ile usiku huo huo. Unavutia kwa jinsi ulivyo nadhifu, na mimi ni mgonjwa wa majedwali.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa yake si hesabu ya watu wote. Ofisi ya sensa hutuma dodoso kwa takriban anwani milioni 3.5 kila mwaka nchi nzima, na kwa sehemu ndogo inalazimika kukusanya majibu ya miaka mitano ndipo ipate namba ya kuchapisha. Mji wenye kaya mia nne unasomwa kupitia kaya chache zilizobahatika kupata dodoso na kulijibu. Kipato cha kati kikipanda ghafla, huenda hakuna aliyetajirika. Huenda mwaka huu bahasha iliangukia kwa mwenye kisima cha mafuta.

Halafu kuna magereza. Sensa humhesabu mfungwa mahali alipofungwa. Tangu miaka ya 1980 magereza mengi yamejengwa vijijini, na kuna kaunti ambazo ukizisoma kwenye jedwali utadhani zina vijana wengi wa kiume, weusi, wasio na kipato, wanaoishi katikati ya mashamba ya soya. Wapo kweli. Hawana mtoto hata mmoja shuleni hapo, na hawawezi kwenda dukani.

Kinachoaminika zaidi ni mwelekeo wa muda mrefu, na huo hauna huruma. Kaunti ya Jewell, kaskazini mwa Kansas, ilikuwa na watu zaidi ya 19,000 mwaka 1900. Mwaka 2020 walikuwa chini ya 3,000. Hakuna vita wala tauni iliyopita pale. Lilipita trekta, kisha trekta kubwa zaidi. Mwaka 1935 Marekani ilikuwa na mashamba milioni 6.8, sensa ya kilimo ya 2022 ilikuta yamebaki milioni 1.9, na wastani wa umri wa mkulima ni miaka 58. Shamba likimezwa na jirani, familia moja inaondoka na watoto wake watatu, lakini ekari zinabaki pale pale zikilimwa na kutozwa kodi.

Kwa hiyo unapata jamii yenye ardhi ya thamani na watoto wachache. Mfano wa kupindukia ni kaunti ya Loving, Texas: watu 64 kwa sensa ya 2020, juu ya mafuta yasiyohesabika. Shule yao ilifungwa zamani, watoto wakaunganishwa na mji wa Wink kaunti ya jirani. Pale fedha hazikuwa tatizo. Watoto ndio hawakuwepo.

Jedwali pia haliwezi kukuambia nani anaajiriwa na nani. Katika kaunti nyingi za vijijini shule ni miongoni mwa waajiri wakubwa kabisa: walimu, wapishi, madereva wa mabasi, fundi wa vipasha joto, karani. Na kuna siri ya nyumba nyingi za wakulima ambayo huisikii hadharani. Mume analima, mke anafanya kazi jikoni shuleni au ofisini, na mshahara wake si sababu kuu. Sababu ni bima ya afya. Shamba la ekari elfu mbili linaweza kuwa limesimama juu ya ajira ya mtu anayepanga trei za chakula cha mchana. Ukifunga shule, umegusa shamba. Mzee wa ghala la nafaka hakulisema hilo, ila nina hakika nusu ya waliokuwa ukumbini walilifikiria.

## Ng'ombe walihama kwanza

Sasa, mama Mkongo alifikaje pale?

Zamani nyama ya Marekani ilichinjwa mijini. Ng'ombe walisafirishwa kwa treni hadi Chicago, wakachinjwa na wafanyakazi wenye vyama imara na mishahara ya kueleweka. Mwaka 1960 kampuni ya nyama ya IBP ilianza Denison, Iowa, ikaja na mtindo wa kukatakata nyama na kuifunga kwenye maboksi palepale karibu na malisho. Hapakuwa tena na haja ya kusafirisha mifupa. Yadi kubwa za Chicago zilifungwa 1971. Viwanda vikahamia Nebraska, Iowa, na magharibi mwa Kansas, kule Garden City, Dodge City na Liberal, ambako kulikuwa na ng'ombe wa kunenepeshwa, mahindi, na maji ya kupampu kutoka mwamba wa Ogallala. Vyama vya wafanyakazi kule vilikuwa dhaifu, na hilo halikuwa bahati mbaya.

Kilichokosekana kilikuwa watu. Vijana wa hapo walikuwa wameshaondoka. Wakaja Wavietnam, wakaja Wameksiko na Wasalvador, kisha Wasomali, Waburma, Wakongo. Na watu wazima wenye kazi wana watoto.

Shule zilizokuwa zinakufa zikajaa.

Mahakama kuu ya Marekani ilikuwa imeshaamua mwaka 1982, katika kesi iliyotoka Tyler, Texas, kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu hana makaratasi. Kwa hiyo Septemba 20 karani wa Kansas haulizi viza. Anahesabu kichwa. Mtoto aliyezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, analeta fedha zile zile anazoleta kitukuu wa mwanzilishi wa mji, na katika majimbo mengi analeta na nyongeza kwa ajili ya kujifunza Kiingereza.

Watu wa huko wanalijua hili, hata wasiopenda lilivyo. Nimewahi kumsikia mjumbe wa bodi moja akisema kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa: bila wageni hawa tungekuwa tumeshafunga zamani. Hakuwa anawasifu wala kuwalaumu.

Basi nikajikuta na fumbo. Mtoto wa mama yule ndiye aliyeiweka hai shule ile miaka yote hii. Na mama yake ndiye anayesema ifungwe.

## Fizikia

Mwanzoni nilijipa jibu rahisi: mgeni hana makaburi pale. Mzee ana vizazi vinne kwenye picha za ukutani, mama ana mkataba wa nyumba wa miezi sita. Bila shaka wataona tofauti.

Jibu hilo halikukaa hata siku mbili. Mama hakusema kwamba shule haimhusu. Alisema inamhusu sana, ndiyo maana anataka iliyo bora. Amepita kambi na ndege na karatasi zisizohesabika ili binti asome, na amekuta fizikia ni video. Kwake swali la shule ni swali la masomo. Kwa mzee ni swali la mji. Wote wawili walikuwa wanajibu ajenda moja, na bodi ilikuwa inawasikiliza kana kwamba wamejibu swali moja.

Tuseme ukweli kuhusu sekondari ndogo. Mwalimu mmoja hufundisha biolojia, kemia na sayansi ya jumla, na bado ndiye kocha. Akiondoka, tangazo la kazi hukaa wazi mwaka mzima, kwa sababu mshahara ni mdogo kuliko wa mjini na hakuna nyumba ya kupanga. Shule nyingi zimeamua kufundisha siku nne kwa wiki, si kwa ajili ya watoto, bali kuwavuta walimu. Wilaya zinazofanya hivyo zimepita 800 sasa. Ukiwa mzazi wa kijana mwenye kipaji cha hisabati huwezi kula historia ya mji.

Lakini pia nilianza kufikiria ratiba ya nyumba ile. Zamu ya pili kwenye viwanda vya nyama huanza alasiri na kuisha karibu na usiku wa manane. Mtoto anayepanda basi la mbali anaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi mama amelala, anarudi mama ameshaondoka. Akitaka klabu ya sayansi baada ya masomo, basi limeshapita. Shule kubwa ina maabara, ila maabara haimfuati mtoto barabarani, na ule muda wa kwenye basi lazima ukatwe mahali: usingizi, kazi za nyumbani, au kumwangalia mdogo wake.

Mama alilijua hilo kuliko mimi. Alipima akaona fizikia inazidi. Sina ubavu wa kumwambia amepima vibaya.

Nilichokuwa sina ni mfano wa mahali ambapo hesabu hii ilishafanywa hadi mwisho. Nikaupata Arkansas.

## Lake View

Lake View ni mji mdogo wa watu weusi katika kaunti ya Phillips, kwenye bonde la Mississippi. Ulianzishwa miaka ya 1930 kama mradi wa serikali ya Roosevelt wa kuwapa ardhi wakulima weusi waliokuwa wakilima pamba kwenye mashamba ya watu. Fikiria uzito wa hilo: mjukuu wa mtumwa, ana hati ya shamba, na shule ni ya kwao.

Kisha mashine ya kuvuna pamba ikafika bondeni. Mwaka 1950 kaunti ya Phillips ilikuwa na watu zaidi ya 46,000. Mwaka 2020 hawakufika 17,000.

Mwaka 1992 wilaya ya shule ya Lake View ililishitaki jimbo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: fedha za elimu zinagawanywa kwa namna inayomwacha mtoto wa wilaya maskini na elimu maskini, na katiba ya Arkansas hairuhusu. Kesi ilizunguka mahakamani miaka kumi. Novemba 2002 mahakama kuu ya jimbo ilikubaliana na Lake View. Mfumo mzima wa kugharimia shule ukatangazwa kuwa unavunja katiba.

Jimbo likatakiwa kurekebisha. Gavana Mike Huckabee, ambaye jina lake liko kwenye kesi kama mshitakiwa, alipendekeza mwaka 2003 kwamba wilaya zenye wanafunzi chini ya 1,500 ziunganishwe. Wabunge wa vijijini wakapandwa na mori. Wakavutana, wakashuka, wakakubaliana namba nyingine: 350. Wilaya itakayokuwa chini ya hapo miaka miwili mfululizo lazima iungane na nyingine.

Lake View ilikuwa chini ya 350.

Mwaka 2004 ikaunganishwa na wilaya ya Barton-Lexa. Wilaya iliyoshinda kesi kwa niaba ya watoto wote wa Arkansas ilifutwa na sheria iliyotungwa kutekeleza ushindi wake.

Nilitembea chumbani baada ya kusoma hilo. Nilitaka kukasirika, kisha nikakumbana na hoja ya upande wa pili, nayo si ya kipuuzi. Arkansas ilidai kila sekondari itoe vitengo 38 vya masomo kila mwaka. Ukiwa na vijana sitini, utavitoaje? Mahakama ilikuwa imesema kila mtoto ana haki ya elimu iliyo kamili, si ya nusu nusu. Mtu akiliona jambo hilo kwa macho ya mama yule, anaweza kusema jimbo lilifanya alichoomba.

Kinachonikwaza ni namba yenyewe. Hakuna mwalimu aliyesema kwamba watoto 349 hawafundishiki. Ilipatikana katikati ya mvutano wa wanasiasa, kati ya 1,500 na sifuri, mahali ambapo kura za kutosha zilipatikana. Haikuuliza wilaya iko umbali gani na jirani yake. Haikuuliza watoto wanafaulu au wanafeli. Haikuuliza ni mji wa nani, na katika bonde lile, ambapo shule ilikuwa miongoni mwa taasisi chache za umma walizoziendesha watu weusi wenyewe, hilo lilikuwa swali la kuuliza. Mwaka 2015 jimbo lilipitisha sheria inayoruhusu wilaya chini ya 350 kuomba kuachwa kama inafanya vizuri. Maana yake walikiri kwamba wilaya ndogo inaweza kufanya vizuri.

## Wenye watoto na wenye kura

Hapo ndipo nilipo sasa. Sitaki tena kuulizwa kama niko upande wa mzee au wa mama. Swali linalonisumbua ni nani anaamua, kwa sababu wilaya za namna hii zina kasoro moja ya kidemografia ambayo haiandikwi popote kwenye ule ukurasa nadhifu.

Wenye watoto na wenye kura si watu walewale.

Wapiga kura wengi ni wazee, wazungu, wenye ardhi, ambao watoto wao wameshakua na wako Wichita au Denver. Wanafunzi wengi ni watoto wa wahamiaji, ambao wazazi wao hawajapata uraia, au wameupata na siku ya uchaguzi wako kwenye mnyororo wa kukata nyama. Wilaya ikitaka kukopa kujenga maabara, lazima wananchi wapige kura kukubali hati fungani, na kodi ya kuilipa inatoka kwenye ardhi ya mzee. Kule Idaho kura lazima zifike theluthi mbili. Mwelewe mzee pia: anaombwa alipie kwa miaka ishirini fizikia ya watoto ambao kiwanda kikifunga, mwakani hawapo.

Na viwanda hufunga. Novemba 2025 kampuni ya Tyson ilitangaza kukifunga kiwanda chake cha nyama cha Lexington, Nebraska, ifikapo Januari 2026. Wafanyakazi takriban 3,200, katika mji wa watu kama 11,000. Kilifunguliwa 1990, na shule za Lexington zilijengwa, zikapanuliwa na kuajiri kwa kuwafuata watoto walioletwa na kiwanda hicho. Fanya hesabu ile ya kichwa kimoja kwa kichwa kimoja, safari hii kwa familia mia kwa mia.

Ningeulizwa mimi, ningesema jimbo lisimame hapo. Libebe wilaya miaka mitatu au minne baada ya pigo kama hilo, kwa idadi ya zamani ya wanafunzi, ili mji upate muda wa kujua unabaki na nani. Libebe pia umbali: Kansas tayari inaongeza fedha kwa wilaya zenye watoto wachache, na hakuna sababu kilomita zisihesabiwe kama vichwa. Na limlipe mwalimu wa fizikia wa kuzunguka sekondari tatu kwa gari, maana mtu mzima mmoja barabarani ni nafuu kuliko watoto arobaini.

Najua jibu nitakalopewa na walipa kodi wa vitongoji vya Kansas City, ambao madarasa yao yana watoto thelathini na zaidi: kwa nini sisi tulipie shule ya watoto sitini? Ni swali halali. Wanakula nyama ile ile, lakini hilo halijawahi kumshawishi mlipa kodi yeyote, na sidhani kama litaanza kumshawishi mwaka huu.